Suala Zima la Kusema, Yaani
Miongoni mwa maneno yanayoweza kuitwa vijazio, yaani maneno yanayoziba pengo pale ulimi unapotangulia na fikra ikawa bado inavaa viatu (na hapa "yaani" limefanya kazi yake halali, jambo lisilotokea kila siku), hakuna lililotumikishwa kama hilohilo. Asili yake ni Kiarabu, na kazi yake ni kutanguliza ufafanuzi. Lakini msemaji wa leo hulitaja, hunyamaza, hulitaja tena, kisha humwachia msikilizaji autafute ufafanuzi wenyewe. "Kiukweli" nalo limeundwa kwa kulivika neno "kweli", ambalo tangu zamani lilikuwa kielezi kamili, viambishi viwili ambavyo halikuviomba, na husikika zaidi pale ambapo hakuna aliyeuliza ukweli. Kwenye vipaza sauti vya mikutano ya Tanzania hutawala "suala zima la", ambalo hugeuza maji kuwa suala zima la maji bila kuongeza hata ndoo moja. Suala nusu halijawahi kusikika.

Haki itendeke, hata hivyo: kijazio humpa msemaji muda wa kuvuta pumzi na huwazuia wenzake wasimdakie neno. Ila mteja wa mgahawani anayeagiza "yaani, kiukweli, yaani, chai" hakuwa na shaka yoyote kuhusu chai, na mhudumu, aliyeshika birika muda wote huo, akimuuliza kama ni ya maziwa au ya rangi, mteja huanza upya: "Yaani..."