Babu, Pitisha Gumba

Jana saa kumi jioni mtoto wa darasa la pili alinionea huruma. Angenicheka ningevumilia, wa kunicheka nimeshawazoea. Huyu aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, nikaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake, miguu haijagusa sakafu. Nilipokwama akavizia mwalimu ageuke, kisha akaninong'oneza: "Babu, pitisha gumba chini."

Nilikuwa nimeishiwa vidole. Si matusi, ni hesabu. Mkono una vidole vitano. Skeli ya C, ile ya vibao vyeupe vitupu, do mpaka do, ina nota nane. Ukianza na gumba kwenye do ukaendelea kistaarabu, kila kidole na kibao chake, kidole cha mwisho kinaishia so, na mbele yake wamesimama la, ti na do ya juu kama abiria walioachwa kituoni. Kwa miaka yote niliyopiga kinanda kanisani, tatizo hili nimelimaliza kwa kuunyanyua mkono mzima na kuutupa mbele. Kwaya hawajawahi kulalamika. Wanaimba kwa sauti kubwa.

Njia halali ni nyingine, na nakiri uzuri wake umeninyima usingizi. Vidole vina namba: gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5. Mkono wa kulia unapiga 1, 2, 3, halafu, wakati kidole cha 3 bado kimesimama juu ya mi, gumba linajipenyeza chini ya kiganja mpaka fa, kama konda anavyopita chini ya makwapa ya abiria waliosimama. Likishafika, mkono umepata vidole vipya: 1, 2, 3, 4, 5, na do ya juu hiyo hapo. Tatu na tano, nane. Nani aligundua hili? Mimi nimeishi na gumba langu miaka hamsini na sita, nikidhani kazi yake ni kuvunja chawa likishirikiana na mwenzake.

Sharti lake ni kwamba abiria wasitikisike. Kiwiko kitulie, kiganja kisiruke, msikilizaji asijue kuna mtu amepita. Ili kuhakikisha, mwalimu wangu, binti wa rika la kitindamimba wangu, huniwekea sarafu ya shilingi 200 juu ya mgongo wa mkono. Ikidondoka, naanza upya. Jana ilidondoka mara tisa. Kila ikidondoka mtoto anashuka benchi, anaiokota, anairudisha. Ya tisa hakuirudisha.

Kwenye skeli ya F ndipo nilipotaka kubishana. Huko nota ya nne ni kibao cheusi, B flati. Vibao vyeusi vimeinuka na vimekaa ndani, na gumba ni fupi. Likipelekwa huko, mkono wote unapinda. Kwa hiyo kidole cha 4 ndicho kinachopewa cheusi, gumba linapita baada yake, na skeli inamalizwa na kidole cha 4 tena, cha 5 kikiwa hewani kama mgeni wa heshima aliyesahauliwa kwenye ratiba. Mbona kwenye C tulipita baada ya cha 3? "Ndivyo mkono ulivyo, baba," alisema mwalimu.

Nikaenda kutafuta mawakili. Wa kwanza ni Carl Philipp Emanuel Bach. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa vinanda, anasimulia jinsi baba yake, Johann Sebastian, alivyomwambia kuwa ujanani aliwasikia mabingwa ambao gumba hawakuligusa ila pale mkono ulipotakiwa kutanuka sana. Nikamwambia mwalimu kwamba mimi si mzembe, ni mtu wa zama za kabla ya 1753. Akasema sawa, ila mtihani ni Novemba.

Wa pili ni Chopin. Yeye wanafunzi aliwaanzisha na skeli ya B, yenye vibao vyeusi vitano, kwa kuwa hapo vidole virefu vinalala juu ya vyeusi na gumba linabaki kwenye vyeupe bila kuhangaika. C aliiweka mwisho: nyepesi kwa macho, ngumu kwa mkono. Mtaala wangu unaanza na C. Umemhurumia anayesoma karatasi. Mwenye mkono atajijua.

Hapa utani unanikauka. Shuleni kwetu kulikuwa na piano. Ya mbao, imefunikwa kitambaa cha kufuma, imefungwa, ufunguo anao mkuu wa shule. Kila Ijumaa tulipangiwa zamu ya kuifuta vumbi. Miaka minne nimeifuta, na vibao vyake sikuwahi kuviona. Mkuu alipohama, ilipakiwa kwenye lori pamoja na makochi. Sasa naambiwa mkono wangu umekakamaa. Ulikakamaa ukiwa umeshika kitambaa.

Kushuka skeli ya C ni kinyume cha kupanda: kidole cha 3 ndicho kinacholiruka gumba. Mkono wa kushoto tusiuongelee. Yote miwili pamoja nimejaribu mara moja, umeme ukakatika, nikashukuru.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama ndani ya daladala, mkono wa kulia umeshika bomba la juu, nikifanya mazoezi ya F palepale kwenye bomba: 1, 2, 3, 4, gumba. Kila gumba likipita, kiwiko kinampiga kichwani mama aliyesimama karibu yangu.

"Mzee, vipi, unawashwa?" konda akauliza. Nikamjibu ni skeli. Akanitazama, akapokea nauli, akainama, akapita chini ya kwapa langu mpaka mlangoni. Hata shati langu halikutikisika.