Saa Ishirini na Sita Usiku

Mpwa wangu ana miaka kumi na moja na roboti la kivita la miguu minne, lenye mizinga mabegani. Tatizo la roboti hilo ni rangi: ni ileile ya kijivu anayopewa kila mchezaji siku ya kwanza. La mwenzake wa darasani lina mabaka ya chui. Mabaka hununuliwa kwa almasi, almasi hununuliwa kwa pesa halisi, na pesa halisi ziko mfukoni mwangu, ambamo zitaendelea kukaa. Ndiyo maana likizo yote ya Juni tulikuwa tunawinda namba za zawadi.

Kwa asiyejua, wenye mchezo hutoa neno la herufi na tarakimu; ukiliingiza panapohusika unapata sarafu, vipuri au rangi bila kulipa. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Mchezaji aliyechoka akaondoka, akisikia kuna cha bure hurudi kuchungulia, na akishachungulia halikosi duka la kumpitia mbele ya macho. Nilimweleza mpwa wangu biashara hii kwa kirefu.

"Sawa Anko," akasema, "lakini si bado ni bure?"

Namba zilizo hai hutangazwa na wenyewe na hufa upesi. Zilizokufa ndizo zimezagaa, zikinadiwa na vijana wa YouTube wanaopayuka kama makonda wa Mbagala. Kijana atakutaka kwanza ubonyeze kengele, umfuate, umsikilize mdhamini wake, kisha namba yenyewe inapita kwenye kioo kufumba na kufumbua. Unasimamisha, unarudisha nyuma, bando linateketea.

Haya, isome sasa. Ya tatu ama ni herufi O ama ni sifuri. Ya saba ama ni I kubwa, ama l ndogo, ama moja. Hapo tayari una namba sita mkononi, ya kweli ni moja, na ukikosea-kosea mfumo unakufungia. Sisi tuliokwangua vocha tuliyaonja haya: ukikwangua kwa pupa, tarakimu inaondoka na ile rangi ya fedha, unabaki kubahatisha kati ya tatu na nane. Lakini angalau zilikuwa tarakimu tupu. Hata tokeni ya umeme ya LUKU, pamoja na urefu wake wote wa tarakimu 20, haijawahi kunitatiza kwa herufi. Yupo Mmarekani, Douglas Crockford, aliyetunga mfumo wa kuandika namba kwa herufi, akazitupa I, L na O ili watu wasichanganyikiwe. U nayo akaitupa, matusi yasije yakajiandika yenyewe. Watu wa maroboti habari zake hawajazipata.

Mpwa wangu akagundua njia ya mkato: kuna mahali mtandaoni wanadai kuzalisha almasi zisizo na kikomo. Mimi nilikuwa uani nabishana bei na fundi bomba, na simu yangu haikuwa na bando, kwa hiyo akaazima ya Anti yake. Punde nikaitwa.

"Anko, wanataka nithibitishe kuwa mimi si roboti."

Kwenye kioo palikuwa na picha tisa za barabarani, uchague zenye kivuko cha waenda kwa miguu. Akachagua mbili, moja akairuka.

"Mbona hii umeiacha?"

"Hiyo siyo zebra Anko. Mistari yake inaonekana."

Sikumlaumu. Amekulia Dar es Salaam. Zebra kwake ni mahali unapopakumbuka.

Mtihani ule una ukoo wake. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, ndio walioufanya ujulikane. Baadaye akaona zile sekunde watu wanazopoteza ni nguvu kazi, akawaletea maneno ya vitabu vikuukuu na ya matoleo ya zamani ya New York Times ambayo kompyuta zilishindwa kuyasoma. Watu wakayasoma wakidhani wanafungua tu mlango. Google wakainunua kazi hiyo mwaka 2009, na zilipokuja picha za barabarani, majibu ya watu yakatumika kufundishia mashine kuona. Kwa maneno mengine, tulikaa pale uani watu wawili wenye akili timamu, tukifundisha mashine bure, ili tuthibitishe kuwa si mashine, ili tupate rangi ya kupaka mashine.

Baada ya zebra wakaomba namba ya simu. Nilikuwa nimesharudi kwa fundi.

Almasi hazikuja. Kilichokuja, kesho yake asubuhi, ni ujumbe kwenye simu ya mke wangu: karibu kwenye huduma ya nyota za mapenzi, utakatwa kiasi fulani kwa siku. Ukafuata utabiri. Akausoma kwa sauti mezani: "Mwenzi wako ana jambo analokuficha." Akanitazama. Mpwa wangu akalitazama andazi lake.

Ijumaa ikatoka namba ya kweli, kutoka kwa wenyewe. Masharti mawili: uwe umefika ngazi ya 10, naye alikuwa ya 9; na mwisho ni 23:59 UTC. Nikamweleza kwamba sisi tuko saa tatu mbele ya saa hiyo. Akajumlisha.

"Anko, saa ishirini na sita ipo?"

Atoe ishirini na nne. Ikabaki 2:59 ya Kizungu. Aigeuze iwe ya kwetu: saa tisa kasoro dakika moja usiku.

"Usiku wa leo au wa kesho?"

Hapo tulikaa kidogo.

Akapigana mpaka saa nane na nusu, akaipata ngazi ya 10 simu ikiwa imechomekwa kwenye chaji na betri imebaki ya kuombea. Uniti zikaisha. Giza, na simu ikazima papo hapo. Nikanunua umeme kwa simu yangu, tukanyata hadi kwenye mita ukumbini. Mimi nanong'ona tarakimu, yeye ameinamia vitufe anabonyeza, mita inalia pii, pii. Tulipokaribia mwisho, mlango wa chumbani ukafunguka. Alichokiona mke wangu ni mumewe, saa tisa kasoro, gizani, ameishika simu karibu na uso, anataja namba kwa sauti ya chini.

"Baba Neema. Hiyo namba ni ya nani?"

Mita ikakubali, taa zikawaka, mpwa wangu akachomoza. Nadhani ilisaidia, ila si sana.

Simu ikawaka kwa madaha yake. Penye mashaka ya O na I tulianza na sifuri na moja, namba ikakubali, zikiwa zimebaki dakika chache. Zawadi: rangi ya waridi, ya kung'aa. Sasa roboti lile linaonekana kutoka upande wa pili wa uwanja na ndilo la kwanza kulipuliwa kila pambano. Mwenyewe anasema afadhali hivyo kuliko kijivu.

Mke wangu nimemwonyesha neno la kutuma ili ajiondoe kwenye ile huduma. Amekataa. Anasema wacha wamkate, mpaka sasa nyota hazijamdanganya hata siku moja.