Kijapani cha Bure na Karanga za Jirani

Baba watoto ni fundi umeme wa magari, yuko eneo la Gerezani, na karibu kila gari linalomfikia limetoka Japani. Nyaya zake anazijua. Kilichomshinda ni maandishi. Mteja mmoja alimletea gari dogo pamoja na karatasi ya mnada, ile fomu anayoijaza mkaguzi kule Japani kabla gari halijauzwa. Alama zilizochorwa kwenye picha ya gari mafundi wanazijua: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapigwa rangi upya, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari likiandikiwa R mahali pa namba, ujue liligongwa likatengenezwa. Lakini pembeni palikuwa na mstari ulioandikwa kwa mkono, maneno machache tu, na Gerezani nzima hapakuwa na wa kuusoma. Mteja alikuwa amekwisha kulipa. Gari lilipopandishwa juu, tumbo lote lilikuwa limeliwa na kutu. Tulikuja kujua baadaye kwamba mstari ule ulisema hivyo hivyo: kutu, chini ya gari.

Jioni ile hakugusa chakula. Akasema, "Mama watoto, Kijapani nitajifunza." Ada ya darasa hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu janja moja yenye kioo kizima, bando la wiki, binti wa kidato cha tatu anayejua kutafuta mambo mtandaoni, na mama mkwe wangu, ambaye simu hiyo ndiyo inayomkutanisha na dada yake aliyeko Tanga.

Programu ya kwanza tuliyoipata ilijiita ya bure. Masomo machache, ikafunga mlango ikadai namba ya kadi ya benki. Bure ya namna hiyo inaniudhi, maana inamla mtu muda na moyo wa kuanza. Ya pili ilikuwa video, nzuri kweli, na binti kwa mapenzi ya baba yake akaziagiza zishuke zote usiku tumelala. Kufika alfajiri bando la wiki lilikuwa limekwisha, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mama kuonana na dada yake. Mama akaniita jikoni, akafunga mlango. "Mwanangu, huyu Mjapani mliyemleta ataondoka lini?"

Tukamweleza yote, kutu, mteja na ile karatasi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sisi wenye simu hatukukiwaza: mbona Redio Japani ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, marehemu mzee akiisikiliza kwenye masafa mafupi, imekwenda wapi? Binti akatafuta. Haikwenda popote. NHK World-Japan ina kurasa za Kiswahili, na humo mna masomo ya Kijapani, bure kabisa, hakuna kadi ya benki. Mfululizo mmoja wa mazungumzo una masomo 48, unamfuata Tam, mwanafunzi aliyetoka Vietnam kwenda kusoma Japani. Maelezo ni ya Kiswahili, sauti inasikika, mazungumzo yameandikwa.

Masomo ya sauti yakawa ya nyumba nzima. Sauti ni nyepesi, haimezi bando kama video. Baada ya chakula cha usiku simu inawekwa juu ya kopo la maziwa ili isikike, na kila mtu anarudia. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia kwenye irabu, kwa hiyo mama alianza kutamka vizuri siku ile ile. Kinachotaka uangalifu ni urefu: irabu ukiivuta au usipoivuta, neno linakuwa jingine. Mama hilo alilishika mapema, na mwanawe akikosea humkatiza hapo hapo.

Kusoma ndiko kulikokuwa na kazi. Kijapani kinaandikwa kwa mifumo mitatu kwa pamoja. Hiragana ina herufi za msingi 46, katakana nayo 46, halafu kuna kanji, ambazo orodha rasmi ya serikali ya mwaka 2010 ina 2,136. Masomo mengi huanza na hiragana. Baba watoto akakataa, akaanza na katakana, na mimi naona alikata shauri la maana kuliko yote. Katakana ndiyo inayotumika kuandika maneno yaliyotoka nje, na gari limejaa hayo: enjin, bureeki, batterii. Hata neno la kutu, sabi, wakaguzi wa minada hupenda kuliandika kwa katakana. Herufi mbili tu, na ndizo zilizomtia hasara yule mteja.

Kwa kitabu, binti alipata Irodori, kilichoandaliwa na Japan Foundation kwa watu wanaokwenda kuishi na kufanya kazi Japani. Kitabu na sauti zake vyote unapakua bila malipo. Mtandaoni ni bure, ila steshenari si bure. Tuliprinti masomo ya mwanzo na jedwali la katakana, upande mmoja ili upande wa pili uwe wa kufanyia mazoezi. Baba watoto akawa anafuatisha herufi kwa penseli, na bunda zima analihifadhi juu ya kabati la vyombo.

Mtoto wetu wa mwisho, wa darasa la pili, ana mapatano yake na jirani anayeuza karanga: yeye humpelekea madaftari yaliyokwisha na magazeti, naye hulipwa karanga. Siku madaftari yalipoadimika, alipanda kiti.

Baba watoto alishuka daladala jioni, akanunua karanga kituoni kwa jirani yule kama kawaida yake. Akafungua karatasi. Ndani, chini ya chumvi, mstari wa ka, ki, ku, ke, ko, na pembeni ya kila herufi mwandiko wake mwenyewe wa penseli. Akasimama hapo. Akafungua ya pili, akalikuta somo la salamu. Hakumgombeza jirani, kwani angelijuaje? Alinunua sinia zima. Usiku ule tulikula karanga kwa chai ya rangi, kila mtu anakunjua karatasi yake na kupangusa chumvi, mimi nikizipitisha chini ya pasi ya mkaa isiyo na moto mwingi. Somo la tatu halikuonekana. Lilikwenda Mbagala na abiria. Jirani alipopata habari alikuja mwenyewe na rundo la karatasi za ofisini, safi upande mmoja, na hadi leo akizipata hutugawia.

Baada ya hapo tukasema karatasi basi, kumbukumbu ziwekwe kwenye simu. Binti akaweka Anki, programu iliyoanzishwa na Damien Elmes mwaka 2006. Ni bure kwenye kompyuta na simu za Android, ila kwenye iPhone inalipiwa. Ni kadi: swali mbele, jibu nyuma, na mwenyewe unajipima kwa vitufe vinne. Ukishindwa, kadi inarudi upesi. Ukisema ni rahisi, inasogezwa mbali, siku, majuma, miezi. Mtoto yule yule akagundua kwamba ukibonyeza kitufe cha mwisho kulia, kadi zinaisha haraka kabisa. Akambonyezea baba yake zote. Programu ikaamini baba amebobea, ikazipeleka kadi miezi ya mbele, na asubuhi ikampa hongera kwamba hana la kusoma. Siku kadhaa akapumzika kwa amani, mpaka gereji alipokutana na herufi aliyoijua, ikamkataa. Binti alipoangalia akaelewa kilichotokea. Bahati njema programu hujiwekea nakala yenyewe. Akarudisha ya kabla ya tukio, kadi zikarudi mahali pake. Mtoto naye akatengenezewa kadi zake za wanyama.

Neno wasilolijua wanalitafuta Jisho, kamusi ya mtandaoni ambapo kanji unaweza kuichora kwa kidole ukaletewa zinazofanana. Nyuma yake kuna kazi ya Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, aliyeanza kukusanya kamusi yake mwaka 1991 na kuiachia watu waitumie. Mtu huyo hatumjui, wala hajui kama kuna gereji Gerezani. Nyumbani kwetu anaombewa dua.

Sasa baba watoto anasoma sehemu zilizochapwa za karatasi ya mnada bila kusita. Mwandiko wa wakaguzi bado unamsumbua, kwani wengine huandika kwa haraka mno, na hapo huinamia simu na binti hadi usiku mwingi. Masomo ya Tam yamemponyoka kidogo kwa sababu ya kazi. Mama hakuyaacha hata siku moja. Yuko mbele yake kwa masomo mengi, na amekataa kumsubiri.