Mlinzi wa Geti

Mimi ni mwigizaji wa filamu. Nalisema hili kwa sauti ndogo, maana mke wangu, mama Kulwa, akilisikia hucheka, na akicheka yeye, nusu ya mtaa wetu wa Mabatini hapa Mwanza hutaka kujua kulikoni.

Uigizaji wangu ulianza hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Igoma, alitokea asubuhi moja na kamera ya kuazima, miwani nyeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba, na taarifa kwamba siku hizi yeye ni dairekta. "Shikamoo mjomba. Nimekutengea nafasi." Nikauliza nafasi gani. Akanitazama usoni kama fundi anayekagua ukuta uliopinda. "Mlinzi wa geti. Sura yako inakubali."

Nikameza mate. Nikauliza filamu yenyewe inahusu nini, akasema inahusu mabondo.

Hapo hasira zote ziliniisha. Kwa msomaji wa mbali na ziwa: bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo ndani ya sangara. Siku hizi linakaushwa, linasafirishwa mpaka China, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya minofu. Kuna watu hapa kwetu wanamwona sangara kama bahasha tu, barua ni bondo. Nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai niliiona filamu nzima: ndugu wawili na mtumbwi mmoja, deni la nyavu kwa tajiri, mdogo mtu anaficha bondo kwenye fulana, kaka mtu anahisi harufu na ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kungeendesha hadithi. Nikamsimulia mpwa wangu yote hayo. Akasema, "Mjomba, yote hayo yamo humo humo."

Hayakuwamo.

Tulirekodi Capri Point, kwenye nyumba ya kukodi kwa siku. Kutoka pale hadi mwalo wa Kirumba ni nauli ya bodaboda moja. Hatukwenda. Kwa siku tatu watu walikaa kwenye sofa. Walikaa, wakamiminiwa juisi, wakaulizana za siku nyingi, wakasimama, wakalia, wakakaa tena. Bondo lilitokea mara moja tu, limefungwa kwenye gazeti juu ya meza ya kioo. Haikupita saa moja mwenye nyumba akalalamikia harufu, likatolewa uani, paka akalishughulikia. Basi wazo la filamu likaishia kwa paka, na filamu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichopungua.

Mimi nilikuwa getini. Kazi yangu ilikuwa hii: honi inalia, nashtuka kwenye kiti cha plastiki, natafuta ndala, navaa, natembea, nafungua komeo, nasukuma ubavu wa kushoto wa geti, nasukuma wa kulia, gari linaingia, bosi anasema "Habari mzee," nasema "Salama bosi," nafunga wa kulia, nafunga wa kushoto, narudisha komeo, nakaa. Hakuna kilichokatwa. Dakika nne. Na gari liliingia mara sita. Nilimwuliza mpwa wangu kama siwezi kulikuta geti liko wazi hata mara moja, akanijibu kwamba sielewi sanaa.

Naielewa vizuri sana, nami nimeitazama kabla hajazaliwa. Ninachokielewa ni kwamba lile geti lina historia. Enzi za diski, filamu moja ya Bongo iliuzwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila kipande na bei yake. Sasa hadithi yako ya saa moja utaifikishaje kwenye diski mbili? Huwezi kuongeza mawazo, hayo yana gharama. Unaongeza geti. Unaongeza gari kuingia, gari kuegeshwa, mtu kushuka, mtu kupanda ngazi, mtu kutafuta ufunguo kwenye mkoba. Diski zimekufa, watu wanatazama kwenye simu, lakini geti limebaki, kama mtu aliyezoea kuchechemea hata baada ya mguu kupona. Marehemu Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga hapo jirani, aliyetutoka Aprili 2012, angalau akiingia getini ulimtazama yeye, gari hukulikumbuka. Siku hizi tunalitazama gari.

Na usiniambie kwamba hatuwezi. Amil Shivji mwaka 2021 aliichukua Vuta N'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi yenye mambo chungu nzima, akaifanya filamu, akaishika kwa wahusika wawili, Yasmini na Denge, mengine akayaachia kitabu. Mama Kulwa alilalamika kwamba wanazungumza kidogo mno. Nikamwambia ndiyo maana umewasikiliza.

Utotoni mwangu filamu tuliziita picha, na picha nilizijulia kwenye banda la video: mabenchi, joto la kuivisha mayai, na jamaa mwenye kipaza sauti anayetafsiri. Yule ndiye aliyekuwa mwandishi halisi. Picha ikipwaya, aliikaza. Adui akitokea bila sababu, alimpa sababu, alimpa na kijiji alichotoka, mara nyingi kijiji cha watu wanaodaiwa na mwenye banda. Gwiji wa kazi hiyo nchini alikuwa Lufufu, ambaye hata Titanic aliisimulia kwa Kiswahili. Sheria yetu bandani ilikuwa moja: steringi hafi. Adui anaweza kummiminia risasi za jeshi zima, steringi atajifunga kitambaa aendelee.

Halafu wakaleta Sholay, ya mwaka 1975, na steringi akafa. Amitabh Bachchan, mzima mzima, akafa! Watu walidai hela zao. Lakini mimi sikukasirika, na sababu yake niliielewa ukubwani. Tangu mwanzo wa picha ile, yeye na mwenzake Dharmendra wakishindwa kuamua jambo, wanarusha sarafu. Unaona ni mchezo tu, unacheka. Saa zinakwenda, sarafu inarushwa, unazoea. Mwisho Amitabh yuko hoi, amejitolea kubaki nyuma kwa sababu sarafu ilisema abaki, na mwenzake anaiokota anakuta pande zote mbili zinafanana. Kumbe miaka yote hakuna bahati nasibu, kuna mtu aliyekuwa amekwisha kuamua. Sarafu moja! Haikununuliwa ghali, haikuhitaji nyumba ya kukodi. Na yule mzee Thakur anayejifunika shali muda wote, unadhani ni baridi au heshima, mpaka unapojua chini ya shali hakuna mikono. Hilo ndilo ninaloliita kulea wazo. Unaliingiza nyumbani likiwa dogo, hulitangazi, unalilisha kila siku, siku moja linasimama mlangoni limekuzidi kimo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Filamu iliyolea wazo kuliko zote zilizopigwa Mwanza, hatuipendi. Nayo ina mlinzi.

Naizungumzia Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka mwaka 2004. Inaanza na kivuli cha ndege kikipita juu ya ziwa, kisha unaona mwongoza ndege wa uwanja wetu akihangaika na mdudu kwenye kioo. Madege makubwa ya Kirusi aina ya Ilyushin yanatua, yanapakia minofu ya sangara, yanaondoka kwenda Ulaya. Na mwenye kamera ana swali moja tu la kijinga: yakija, yanaleta nini? Anawauliza marubani, anawauliza wa kiwandani, anawauliza wapita njia. Yanakuja matupu, anajibiwa. Anauliza tena. Swali ndilo sarafu yake. Linarushwa, linarushwa, unazoea, mpaka usiku mmoja karibu na mwisho rubani mmoja anajikuta anasema kwamba aliwahi kupeleka Angola vitu mfano wa vifaru, kisha akapitia Johannesburg kuchukua zabibu za Ulaya. Anasema kwa sauti ya mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

Na mlinzi! Analinda taasisi ya utafiti wa uvuvi usiku, kwa upinde na mishale ya sumu, kwa dola moja ya usiku mzima. Kazi aliipata kwa sababu aliyemtangulia aliuawa. Hafungui geti hata mara moja. Anakaa gizani anafikiri kwa sauti, na kati ya mambo anayoyasema ni kwamba wako watu wanaoombea vita itokee, maana jeshini kuna mshahara. Nilipomwona nilijisikia aibu ya kitaaluma. Mwenzangu kwa upinde mmoja ameibeba filamu mabegani, mimi kwa geti la mbavu mbili sijabeba hata ndala zangu.

Mwaka 2006 ile filamu ilitushtua kweli. Ilipata tuzo ya César kule Ufaransa, ikafika fainali za Oscar kwa filamu za maisha halisi, ikashindwa na pengwini. Sitanii: mshindi alikuwa March of the Penguins, ndege wasioruka wanaotembea kwenye barafu. Huku nyumbani Rais Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na Mwanza watu wakaandamana. Mimi wakati huo nilikuwa sijaiona, ila maoni nilikuwa nayo, tena makali. Kule Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kizima kuipinga. Sauper akampeleka mahakamani kwa kumkashifu, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamwona Garçon ana hatia.

Nilipokuja kuiona, nilinuna kwa mambo mengine kabisa. Mwanza ya Sauper haina mtu anayekwenda harusini. Hakuna anayecheka kwa sababu ya kawaida tu, kama vile jirani kuanguka na baiskeli. Jiwe la Bismarck limesimama ziwani miaka yote hiyo likisubiri kupigwa picha, hakulijali, na hilo namsamehe, kila mpiga picha wa harusi amekwisha kulichosha. Lakini jina linamwahidi mtazamaji Darwin, halafu habari yenyewe ya Darwin inapita mbio: jinsi sangara alivyopandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, akawala samaki wadogo waitwao furu, mamia ya aina za furu ambazo hazikuwa popote pengine duniani. Bibi yangu aliwajua furu. Angemweleza hayo bila kudai hata senti.

Na yale mapanki aliyoyaonyesha. Hapo tuliudhika wote, na nusu ya hasira yetu ilikuwa ya haki. Ukimwonyesha Mzungu kichwa cha samaki anaona njaa. Ukimwonyesha mtu wa huku anauliza supu iko wapi, tena kichwa hupewa mgeni wa heshima. Lakini sitamdanganya msomaji: panki si kichwa cha mgeni. Panki ni mfupa uliobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, na anayelinunua analinunua kwa sababu minofu imepanda ndege. Sauper aliliona hilo akang'ang'ania, akalivuta wazo lake mpaka likaanza kuchanika pembeni, silaha na mifupa na ndege vyote vikafungwa kamba moja. Alizidisha. Ila ni afadhali anayelivuta wazo mpaka linachanika kuliko anayemwachia paka.

Basi. Mpwa wangu alimaliza kuhariri, akatualika ukoo mzima sebuleni kwa dada yangu kutazama. Gari likaingia mara ya kwanza, watu wakanishangilia. Mara ya pili wakanishangilia kidogo. Mara ya nne shemeji yangu alikwenda msalani, akarudi, nikawa bado nafunga ubavu wa kushoto. Bondo halikuonekana kabisa, kile kipande chake kimoja kilikatwa kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya. Filamu ya mabondo haikuwa na bondo. Mwishoni dada mmoja aliyelia sana alipigiwa simu, akaangusha simu, akatumbua macho hivi, na maandishi yakatokea: usikose sehemu ya pili.

Kukawa kimya. Mama Kulwa ndiye aliyekivunja, tena bila uchokozi, alitaka kujua tu.

"Baba Kulwa, kwani ulikuwa unalinda nini?"

Watu kumi na saba walinigeukia. Nikamgeukia dairekta. Dairekta akavaa miwani.

Hiyo ni habari ya mwaka juzi. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, walianza kulijenga mwaka 2020 wakalifungua mwaka 2025, magari yanapita. Lakini sehemu ya pili ya filamu yetu ilikuwa bado haijapata hata mafuta ya jenereta. Nikadhani nimepona. Juzi jioni simu ikalia.

"Shikamoo mjomba. Jumamosi tunaanza. Sehemu ya pili."

"Marahaba. Kabla hujaendelea: ile nyumba ndani mna nini?"

"Mna nini kivipi?"

"Ninayoilinda. Mna nini?"

Alinyamaza muda mrefu, nikasikia bodaboda ikipita upande wake. Nikaanza kupata matumaini. Mtoto anafikiri, nikasema moyoni, swali limeingia.

"Mjomba," akasema, "safari hii geti ni la umeme."

Nimeuliza bei ya upinde pale Igoma. Nitakwenda nao, nitauegemeza kwenye kiti changu cha plastiki, na sitamweleza mtu yeyote ni wa nini.