Mwongozo wa Kutajirika kwa Kukadiria Majenzi

Umesikia kwamba wakadiriaji majenzi wana hela. Aliyekwambia aliona gari la mmoja wao likiingia saiti. Mkataba wa mkopo wa gari hilo hakuuona. Haidhuru. Fuata hatua hizi.

Kwanza, soma. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kitakuweka miaka minne. Ukihitimu, usichapishe kadi bado: sheria ya mwaka 2010 inataka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kabla ya hapo kuna mafunzo chini ya mzoefu, kisha mtihani. Kipindi hicho utapima kuta na kuhesabu madirisha kwa posho ya nauli, huku fundi wa kujenga tofali akilipwa kila jioni. Usimuulize anapata ngapi.

Pili, chagua upande. Ukiwa halmashauri, mshahara ni uleule, uwe umekadiria choo cha shule au hospitali ya wilaya. Ukiwa kwa mkandarasi, pesa huweza kuwa nzuri kazi zikiwepo. Lakini ukikadiria juu mnakosa zabuni, na ukikadiria chini mnaipata, kisha hasara inaitwa kwa jina lako. Ukifungua ofisi yako, mara nyingi ada inahesabiwa kwa asilimia ya gharama ya mradi. Hapo ndipo utamu ulipo: ukikesha ukimtafutia mteja namna ya kupunguza gharama, umepunguza na chako.

Tatu, jihadhari na mteja wa simu. Atapiga usiku.

"Kijana wangu, nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi?"

"Shikamoo mzee. Kiwanja kiko wapi? Kina mteremko? Udongo wake ukoje?"

"Marahaba. We nitajie tu harakaharaka."

Usitaje. Namba ya harakaharaka ndiyo atakayokushikia mpaka siku ya kupaua. Ukimwambia BOQ, yaani mchanganuo wa kazi, vifaa na gharama zake, ina ada yake, atacheka: fundi keshamwandikia bure. Iombe hiyo karatasi uione. Saruji mifuko 150, mchanga tripu 6, nondo "za kutosha". Maji hayamo, wala usafiri, wala mbao na mirunda ya kumwagia lenta. Boma litaishia kwenye lenta, lioteshe mipapai sebuleni, ndipo mzee atakupigia tena. Safari hii atakusikiliza vizuri sana, ila hela ya kukulipa itakuwa imeishia kwenye msingi.

Nne, zoea makato na kungoja. Kama umesajiliwa VAT, ongeza kodi hiyo kwenye ankara yako, mteja akuone wewe ndiye mlaji. Taasisi ikikulipa, itazuia kodi ya asilimia 5. Itakapokulipa, lakini. Kila mwezi utathamini kazi iliyofanyika ili mkandarasi aandikiwe hati ya malipo, atalipwa, atashukuru. Ankara yako utaikuta kwa mhasibu, chini ya birika la chai, na jibu litakuwa "wiki ijayo".

Tano, ukitaka kipato kipande kweli, acha kutegemea kasi ya kikokotoo. Kinacholipa ni muhuri wa bodi, mradi mkubwa ulioufikisha hadi hesabu ya mwisho, programu za kupima michoro, kukubali saiti iliyo mbali na mjini, na zaidi ya yote kuujua mkataba: nani anabeba bei ya saruji ikipanda, na nani anamdai nani kazi ikichelewa. Wanaojua kuzidisha urefu kwa upana ni wengi. Anayeweza kusimama mbele ya mteja na mkandarasi wanaogombana, akasema namba isiyompendeza yeyote na akaitetea kifungu kwa kifungu, huyo wanamtafuta wenyewe.

Basi usifungue mchoro wa mtu kabla ya malipo ya awali, hata akiwa mjomba. Nawe unayejenga, mlipe mkadiriaji kabla hujanunua mfuko wa kwanza. Ukimwita baada ya msingi, kazi itakayobaki ni kukuhesabia hasara, na hiyo nayo ina ada.