Kapu Langu Halina Mwajiri

Kuna swali ambalo watu huniuliza wakinikuta natoka supamaketi ya wapinzani wetu na mfuko wa unga mkononi: "Kwani kwenu unga umeisha?" Huuliza kwa sauti ya mtu aliyemfumania shemeji yake gesti. Ndugu zangu, kwetu unga upo. Umepangwa kuanzia chini mpaka juu, na mpangaji ni mimi. Nimeajiriwa kuwa keshia, lakini asubuhi kabla milango haijafunguliwa kila mtu ni mpangaji. Shida ya unga wetu ni kuutoa nje.

Mteja akilipa, mlinzi huitazama risiti, akamtakia siku njema, naye mteja akaenda zake. Mfanyakazi akilipa, safari ndiyo kwanza inaanza. Risiti isainiwe na msimamizi. Mzigo uachwe kwa mlinzi mpaka jioni. Jioni mlinzi autoe kitu kimoja kimoja, auweke mezani na kuulinganisha na risiti, huku wenzako wamepanga foleni nyuma yako wakisubiri zamu zao na kusoma maisha yako. Ukinunua pedi, idara nzima inajua tarehe zako. Ukinunua dawa ya mende, kesho unaulizwa mende wanaendeleaje. Dada mmoja wa upande wa vyombo alinunua nepi za mtoto wa jirani yake, na kabla hajafika kituo cha daladala tayari kulikuwa na kundi la WhatsApp la kumchangia uzazi.

Kwa wapinzani mimi ni mteja. Naitwa "dada, karibu". Nauliza ofa iko wapi, tena kwa ukali kidogo, maana nami huulizwa hivyo kutwa nzima na nimeona inavyofanya kazi. Natoka na mzigo wangu na hakuna anayejua kwangu kuna mende.

Kinachosumbua ni ushahidi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi tulifurahi kwa ajili ya mitaro yetu. Hatukufikiria kwamba mfuko wa plastiki ulikuwa na ustaarabu wake: ulichanika njiani na kufa na siri yako. Mfuko mbadala haufi. Unafuliwa, unaanikwa, unabeba vitunguu, unabeba madaftari ya mtoto, na asubuhi moja mume wako anauwekea chakula chako cha mchana bila kusoma kilichoandikwa. Nikaingia kazini na wali maharage ndani ya nembo ya wapinzani, herufi kubwa, rangi nyekundu. Mlinzi ambaye miaka yote hukagua kilichomo, siku hiyo alikagua mfuko. Tangu hapo nyumbani kwetu mifuko yote hugeuzwa, ndani ikawa nje.

Risiti nayo ni hatari zaidi. Tumehimizwa na mamlaka ya mapato kwamba ukinunua, dai risiti, nami ni raia mwema, nadai. Basi mashine inatema karatasi yenye jina la duka, tarehe, saa na dakika. Mpelelezi angetaka nini tena?

Siku moja ya Jumamosi nikakutana na meneja wetu uso kwa uso kwa wapinzani, kwenye njia ya mafuta ya kula. Yeye alikuwa na kalamu na kijitabu. Mimi nilikuwa na toroli limejaa.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nakagua bei, bosi."

Uso wake ukang'aa. Katika biashara hii kukagua bei za jirani ni kazi halali kabisa. Maduka hutumiana watu wa kuchungulia lebo, na kila upande unajua. Yeye mwenyewe alikuwa ametumwa na makao makuu, ila mlinzi wa pale alikuwa ameshamkataza kupiga picha, na sasa ananakili kwa kujificha nyuma ya madumu. Akalitazama toroli langu kwa heshima. Kumbe mtu unaweza kununua tu, na risiti ikawa ndiyo ripoti! Jumatatu nilitajwa mbele ya wenzangu kama mfano wa kujituma. Nikapangiwa nauli ya daladala na kuagizwa nilete ripoti kila Ijumaa.

Ripoti zilikwenda vizuri mpaka makao makuu yalipotaka maelezo: kwa nini wapinzani wanauza unga, mchele, sabuni, mafuta na mtindi tu? Na kwa nini kila ikifika tarehe 20 hawana bidhaa hata moja? Nilijibu kwamba tarehe hizo soko hupoa. Huo ndio ukweli mtupu, kwa sababu soko lilikuwa ni mimi.

Kuanzia tarehe 20 soko huhamia kwa Mangi. Kila mtaa wa Dar es Salaam una Mangi wake, hata kama mwenye duka hajawahi kuuona mlima Kilimanjaro. Mangi anauza mafuta ya kupima, sukari robo, sabuni kipande, kiberiti kimoja. Zaidi ya yote, Mangi ana daftari. Mwambie keshia wa supamaketi yoyote "andika" uone atakavyomwita mlinzi. Mangi huandika. Hapo kwa Mangi ndipo nilipomkuta keshia wa wapinzani, bado amevaa fulana ya kazini, akipimiwa mafuta ya mia tano. Tulitazamana, tukasalimiana, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama kwao mafuta yameisha.

Kisha nikamuuliza Mangi sukari yake nzuri hivi huitoa wapi.

"Kwenu, dada."

Siku za ofa kwetu hubandikwa tangazo: mteja mmoja, pakiti mbili. Mangi huja na mke wake, wadogo zake na vijana wa bodaboda, kila mmoja na pakiti zake mbili, na anayewapigia mashine ni mimi. Akifika dukani anazifungua, anazipima robo robo, ananikopesha. Kwa hiyo sukari ninayokunywa ni ya mwajiri wangu tangu mwanzo. Inazunguka tu mtaani kwanza ili isipite mezani kwa mlinzi.

Meneja hupenda kutukumbusha uaminifu kwa kampuni. Sawa, lakini sisi wa kazi hizi tuna kumbukumbu. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt, na wapangaji wa unga wakabaki na unga ule ule chini ya nembo mpya. Mwaka 2015 Uchumi ikafunga maduka yake nchini. Baadaye Nakumatt nayo ikaishiwa bidhaa, ikaondoka. Katika muda wote huo Mangi hakufunga hata siku ya mvua.

Waajiri wanaotaka tununue kwao wafanye mambo matatu. Watupe punguzo la wafanyakazi linaloonekana kwa macho. Watukopeshe mpaka mshahara, wakate wenyewe. Na mlinzi akague mizigo yetu faragha, kisha afunge mdomo. Mshahara wenu umenunua saa zangu za kusimama kaunta, na hizo mnazipata zote. Kapu halikuwamo kwenye mkataba. Kama hayo matatu ni mazito, basi ongezeni ile pesa ya ukaguzi, maana nauli za daladala zimepanda.