Jinsi ya Kupoteza Waifai kwa Amri Moja

Kwanza chagua mahali. Usipandishe kerneli ya Linux ukiwa Mugumu mjini, penye intaneti ya kuazima. Subiri urudi nyumbani Ring'wani, jioni, matokeo ya wanafunzi yakidaiwa kesho asubuhi. Andika sudo apt upgrade, bonyeza Y bila kusoma, kisha zima uwashe. Alama ya waifai imetoweka? Hongera.

Sasa tafuta mchawi. Laumu mnara wa simu. Mgombeze mtoto aliyeishika laptopu juzi. Panda kichuguu nayo mkononi, na usijiulize kwa nini simu ya jirani inaperuzi bila shida kwa hotspoti ileile unayoitumia. Amri ya rfkill list ingekuonyesha mara moja kama waifai imezimwa tu, na lspci -k ingekuonyesha kuwa chini ya kadi yako ule mstari wa "Kernel driver in use" haupo. Lakini ukijua mapema hivyo utamlaumu nani?

Laptopu ikiwa ya mtumba yenye kadi ya Broadcom, umepata bahati ya pekee. Draiva zilizomo ndani ya kerneli hutunzwa pamoja nayo. Ya kwako, ikiwa ni wl, inaishi nje. Broadcom waliitoa mara ya mwisho mwaka 2015 wakaendelea na mambo yao, na tangu hapo watu wa Debian na Ubuntu ndio wanaoitia viraka. Kila kerneli ikibadilika, DKMS huijenga upya, mradi faili za heda za kerneli hiyo ziwepo. Hazipo. Kuzipakua kunataka intaneti, na intaneti inataka draiva.

Hapo ndipo fundi huingia. Atatikisa kichwa, atasema madabodi imeungua, kisha atakuwekea Windows isiyo na leseni kwa bei ya kindugu.

Ukishaona umeteseka vya kutosha, washa upya, bonyeza Esc au Shift mpaka menyu ya GRUB itokee, ingia "Advanced options" uchague kerneli ya zamani; Ubuntu huwa haijaifuta. Waifai itarudi na matokeo yatatumwa.

Unaing'ang'ania ile mpya? Washa upya uingie kwenye hiyo, chomeka simu kwa waya wa USB, ule unaopitisha data, si wa kuchajia tu, kisha washa "USB tethering". Kompyuta itaiona simu kama mtandao wa waya. Andika sudo apt install linux-headers-$(uname -r), halafu sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source. Ukiombwa kuweka nenosiri la Secure Boot, liandike kwenye karatasi: utaulizwa kwenye skrini ya buluu ukiwasha upya, na ukiipita kwa haraka zako, draiva itakataliwa kwa kuwa saini yake haitambuliwi. Bando likiruhusu, ongeza kifurushi cha linux-headers kinacholingana na aina ya kerneli yako, kwa mfano linux-headers-generic. Kerneli ijayo itakuja na heda zake, na fundi atatafuta mteja mwingine.